Sichezi gofu: nitafanya nini klabuni Jumapili nzima?

Swali: Shikamoo mzee. Baba mkwe wangu ni mwanachama wa klabu moja ya gofu ya zamani hapa Nairobi. Ametualika mimi na mume wangu chakula cha mchana Jumapili ijayo. Wao wawili watacheza asubuhi, mimi nitawakuta huko. Sijawahi kushika fimbo ya gofu wala kuingia klabu kama hiyo. Naogopa kuaibika kwa mavazi au malipo, au kuketi mahali ambapo mwanamke haruhusiwi. Na nikisema ukweli, naogopa kuchoka. Asiyecheza anafurahia nini pale?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu hofu hiyo naijua. Niliiona kwenye nyuso za wageni kwa miaka 31 niliyofanya kazi katika majumba ya klabu za Nairobi, nikianza kama mhudumu wa veranda na kumaliza kama msimamizi wa jumba. Mgeni ni kuku mweupe, na mlango wa klabu kongwe humfanya ajione mweupe zaidi. Mimi pia sichezi gofu. Fimbo nilizishika nikizipeleka kwenye makabati ya wenyewe, basi. Lakini majumba yale nayapenda, na nina hakika kwamba mara nyingi anayeyafaidi zaidi ni yule aliyeketi, si yule aliyetembea kilomita nane akiusaka mpira kwenye nyasi.

Shika jambo moja, maana mengine yote yanatoka hapo. Jumba la klabu si hoteli. Ni nyumba ya wanachama, na mle ndani hakuna wateja, kuna wenyeji na wageni wao. Mlangoni kuna kitabu cha wageni. Jina lako litaandikwa pamoja na jina la baba mkwe na namba yake ya uanachama, na kuanzia hapo yeye ndiye anayebeba dhamana yako. Ukivunja glasi, ni yake. Ukileta kelele, barua ya kamati inakwenda kwake. Kwa kuwa wao watakuwa uwanjani ukifika, mwambie mume wako amkumbushe baba aache jina lako mapokezi tangu asubuhi. Usifike ukaanza kujieleza getini. Askari wa pale ni watu wa adabu, lakini kazi yao ni kutokuamini maneno matupu.

Malipo nayo ni hivyohivyo. Usitoe pesa. Klabu nyingi za wanachama hazipokei noti kwenye baa wala mezani: mwanachama hutia sahihi kwenye chiti au huonyesha kadi, na hesabu humfikia mwisho wa mwezi. Nakumbuka kijana mmoja, mgeni wa mjomba wake, aliyeweka noti ya elfu moja juu ya kaunta ili alipie raundi. Mhudumu wa baa aliirudisha polepole bila kusema neno, lakini mjomba alikwishaona, na uso wake ulibadilika. Kijana hakuwa na kosa, alikuwa amefundishwa ukarimu. Ila pale alikuwa kama mtu aliyekula ugali nyumbani kwa watu kisha akaacha pesa chini ya sahani. Ukitaka kurudisha wema, mpelekee mama mkwe kikapu cha maembe, au waalike kwenu mwezi ujao. Anayehitaji pesa mfukoni siku hiyo ni mume wako, kwa sababu kedi atakayembebea fimbo hulipwa mkononi au kwa M-Pesa mara tu mchezo unapokwisha, na kumwambia kedi asubiri si jambo zuri. Wahudumu wa ndani ni habari nyingine: klabu nyingi hukataza kuwapa bakshishi mezani, na badala yake wanachama huchangia mfuko wa wafanyakazi wakati wa Krismasi. Muulize baba.

Mavazi hayana shida kubwa kama watu wanavyotishana. Gauni la heshima au blauzi yenye kola, na viatu vilivyofungwa. Kitenge kilichoshonwa vizuri sijawahi kuona kikirudishwa mlangoni. Kinachorudishwa ni kandambili, jinzi zilizochanika na fulana zisizo na kola. Mume wako avue kofia akivuka kizingiti na abadilishe viatu vya uwanjani. Simu iwe kimya, na ukiitwa toka nje ukapokelee huko. Sheria hiyo ya simu wengi huilalamikia mwanzoni. Baadaye ndiyo wanayoishukuru kuliko zote, kwa sababu klabu ni mojawapo ya mahali pachache Nairobi ambapo watu wanne wanaweza kuketi saa nzima wakitazamana usoni.

Sasa tuje kwenye furaha yenyewe, na nitaanza na saa, maana gofu hufuata jua. Mashimo 18 huchukua saa nne na zaidi. Sisi tuko karibu na ikweta na giza linaingia mapema jioni mwaka mzima, kwa hiyo hakuna anayeanza mzunguko kamili saa kumi. Wachezaji huondoka kwa makundi mawili makubwa: wa asubuhi, kuanzia kama saa moja, na wa mchana, kabla ya saa nane. Maana yake veranda hujaa mara mbili. Mara ya kwanza ni kuanzia kama saa tano na nusu hadi saa saba, wa asubuhi wanapoingia na njaa yao. Mara ya pili ni kuanzia saa kumi na moja hadi jua linapozama. Watu wakifika saa tatu asubuhi hukuta viti vitupu na mhudumu anayefuta meza, kisha husema klabu inachosha. Wewe fika saa sita kasoro.

Ukifika usiende chumba cha chakula moja kwa moja. Nenda veranda. Mtu wa Pwani angeiita baraza, na kwa kweli kazi yake ni ileile ya baraza: si ndani, si nje, ni mahali pa kuona na kuonekana bila haraka. Kwenye majumba mengi ya zamani veranda hutazama grini ya shimo la 18, yaani zile nyasi fupi zinazozunguka shimo la mwisho, na hilo si bahati. Wajenzi walitaka mchezo umalizikie mbele ya watu. Kaa mahali unapoiona vizuri, agiza chai ya tangawizi au soda ya limau yenye barafu, na sahani ya sambusa, kisha tazama. Watakuja watu wanne wakiwa na kedi wao. Mmoja atakuwa na pigo la hatua mbili tu mbele ya shimo, jepesi hata mtoto angeliweza, na utamwona anachuchumaa, anasimama, anazunguka upande wa pili, anachuchumaa tena. Veranda nzima itanyamaza. Na wewe nyamaza, shikilia kijiko kisigonge kikombe. Mpira ukiingia, piga makofi mafupi. Usipoingia, angalia uso wake halafu angalia uso wa kedi wake. Mimi nimesimama nikiwa na trei mkononi nikiangalia hilo kwa miaka mingi na sikulichoka hata siku moja. Daktari mkubwa, jaji, mfanyabiashara wa kutisha, wote wanakuwa watoto kwenye hatua zile mbili za mwisho.

Kisha wanapanda ngazi na kuketi, na hapo linaanza wanaloliita shimo la kumi na tisa. Jina hilo linatoka mbali. Uwanja wa St Andrews kule Scotland zamani ulikuwa na mashimo 22, mwaka 1764 yakapunguzwa yakabaki 18, na dunia nzima ikaja kufuata hesabu hiyo. La kumi na tisa ni meza ya vinywaji. Pale mchezo unachezwa mara ya pili kwa mdomo, pigo kwa pigo, na wewe utakuwa msikilizaji. Nikupe ufunguo mmoja uliowasaidia wageni wengi. Usimuulize mtu, "Umeshinda?" Wengi wao hawashindani sana na mwenzao, wanashindana na handikepu yao, ile idadi ya mapigo mchezaji anayopunguziwa ili dhaifu aweze kukabiliana na hodari. Muulize, "Shimo gani limekusumbua leo?" Baba mkwe wako atakuambia mti, upepo, mchanga, alivyoshauriwa na kedi akakataa ushauri, na mwisho atacheka mwenyewe. Kwa swali hilo moja umempa robo saa ya furaha, na kuna wakwe waliokaa miaka kumi bila kupata mazungumzo ya robo saa.

Na kwa kuwa nimetaja ukwe: usiruhusu desturi za klabu zikusahaulishe za nyumbani. Viti vya veranda ni vya chini na huwekwa karibukaribu. Kama kwenu mkaza mwana haketi bega kwa bega na baba mkwe, mume wako akae katikati, au mama mkwe. Hakuna atakayeshangaa. Wanachama wenyewe wengi wana wakaza wana.

Baada ya chakula, wanaume wakianza kusinzia, inuka ukazungukie jumba. Omba ruhusa kwanza, kisha nenda kwenye ukuta wenye mbao ndefu nyeusi zilizoandikwa majina kwa rangi ya dhahabu. Hizo ni mbao za makapteni na washindi, mwaka baada ya mwaka. Wageni huzipita kama mapambo. Wewe zisome kutoka juu hadi chini, maana ni historia ya nchi iliyoandikwa bila mtu kukusudia. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na kufikia 1906 mji huu wa mahema na mabati ulikwisha kuwa na klabu ya gofu, ile inayoitwa leo Royal Nairobi, pale Ngong Road. Entebbe walitangulia, 1901. Mombasa Golf Club, iliyo kando ya bahari upande wa Mama Ngina, ni ya 1911. Muthaiga Country Club, yenye kuta za rangi ya waridi, ilifunguliwa usiku wa mwisho wa mwaka 1913. (Watu huichanganya na Muthaiga Golf Club. Hizo ni taasisi mbili, kila moja na mlango wake, kwa hiyo hakikisha unaelekezwa penye baba.) Karen ilikuja 1937, kwenye ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark, miaka sita baada ya yeye kuondoka Kenya.

Kwenye miongo ya juu ya mbao hizo utakuta majina ya Waingereza, mengi yakitanguliwa na cheo cha jeshi. Miaka ya vita, kuanzia 1940, baadhi ya mbao zina nafasi tupu kwa kuwa hakukuwa na mashindano. Kisha teremsha macho hadi baada ya 1963. Taratibu linaingia jina la Kihindi, kisha la Kikuyu, la Kikamba, la Kijaluo, hadi ufike chini kabisa ambapo jina la Kiingereza ndilo limekuwa la kutafutwa. Kabla ya hapo Mwafrika aliingia majumba haya akiwa na trei, ufagio au mfuko wa fimbo, wala hakuketi. Wahindi na Wagoa nao walijenga klabu zao kwa sababu milango hii haikuwafungukia. Nakuambia haya kwa uzito. Kuna watu wanaoniambia kwamba jumba lenye historia kama hiyo halistahili kupendwa. Naelewa. Lakini mimi niliyeingia kwa mlango wa jikoni naona kwamba mtu wetu anapoketi kwenye kiti kilekile akiwa mwenyeji, akiwa na mkaza mwana wake, kuna jambo limekamilika pale ambalo lisingekamilika jumba likibomolewa. Tafuta pia picha za mashindano. Kenya Open ilianza 1967 pale Muthaiga, na mwaka 1978 mshindi wake alikuwa Mhispania kijana, Seve Ballesteros, ambaye mwaka uliofuata alitwaa ubingwa wa The Open kule Uingereza. Wazee wa veranda waliomwona bado wanabishana kuhusu mapigo yake. Ukipata mzee wa namna hiyo karibu nawe, mwache aseme.

Kuhusu wanawake, jibu ni kwamba mambo yamebadilika, ila si yote na si kwa kasi moja. Klabu za zamani zilirithi kutoka Uingereza desturi ya kuwa na baa ya wanaume peke yao. Klabu yenyewe ya St Andrews, iliyoanza 1754, ilipiga kura ya kuwapokea wanawake mwaka 2014, baada ya miaka 260. Muirfield, klabu nyingine kongwe ya Scotland, walifuata 2017. Kwa hiyo usidhani wewe ndiye uliyechelewa kuzoea. Nairobi utakuta wanawake wakicheza, wakiongoza kamati na wakiwa na kapteni wao, na nchi hii imemtoa Rose Naliaka, mwanamke wa kwanza wa Kenya kucheza gofu ya kulipwa. Hata hivyo, ukiona kibao kwenye mlango kinachosema chumba ni cha wanaume, usiingie kwa majaribio wala usigeuze jambo hilo kuwa mjadala wa siku yako ya kwanza. Muulize baba mkwe, polepole, mezani: sababu ya kile chumba ni nini mpaka leo? Nimeona vibao vikiondolewa, na kilichoviondoa kila mara ni maswali ya mabinti na wakaza wana wa wanachama wenyewe, yaliyoulizwa wakati wa chakula.

Chumba cha snuka, ule mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo, kama kipo, kichungulie. Subiri mlangoni hadi mpigaji amalize, ndipo uingie. Mwanga wa taa zile juu ya kitambaa cha kijani, mbao za kutundikia fimbo, ubao wa alama wenye vishale vya shaba: kaa dakika kumi, inatosha. Maktaba mara nyingi huwa ndogo na tulivu, na hakuna anayekuuliza unafanya nini humo. Lakini chumba ninachokuombea usikikose ni sebule yenye meko. Wengi hudhani meko ni pambo la Wazungu waliokumbuka kwao. Hapana. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai jioni baridi yake si ya kuchezewa. Moto ukiwashwa jumba lote hubadilika sauti. Wale waliokuwa wakicheka kwa nguvu verandani huanza kuongea chini, na mambo yanayosemwa pale mbele ya moto si yale ya mashimo na mipira tena. Nimeona ndugu wawili waliogombania shamba wakipatanishwa kwenye viti viwili mbele ya meko. Mimi nilikuwa naongeza kuni tu.

Kuna watu ambao hutaambiwa habari zao, nami siwezi kuwaacha. Mhudumu atakayekuletea chai huenda amefanya kazi pale miaka ishirini. Anajua namba ya uanachama ya baba mkwe wako kwa kichwa, anajua anakunywa nini akishinda na nini akishindwa. Msalimie kabla ya kuagiza. Akiwa mtu mzima mwite mzee au mama, kama ungemwita popote pengine, usimpigie vidole kama uwaonavyo wengine wakifanya. Ukimuuliza picha fulani ukutani ni ya nani, utapata historia ambayo katibu wa klabu hana. Kedi nao wana benchi lao nje, karibu na mahali pa kuanzia, na mara nyingi hawaruhusiwi kuingia jumbani. Wengi hutoka mitaa ya jirani: Royal Nairobi imepakana na Kibera, na kuna mwanamume anayetoka kwenye nyumba ya mabati asubuhi akatembea dakika chache tu kufika kwenye nyasi zile laini, ambako anajua kila mteremko kuliko mwenye fimbo. Mume wako akimaliza, mwambie akujulishe kwa kedi wake. Shikana naye mkono. Muulize kedi huyo jinsi mume wako alivyocheza, na utapata jibu la kweli.

Kitu kimoja cha mwisho kuhusu chakula, kwa kuwa umealikwa kula. Jumapili klabu nyingi huweka meza ndefu ya kujipakulia: mchuzi wa kuku au wa mbuzi, wali, chapati, kachumbari, wakati mwingine nyama choma nje. Usijaze sahani mara moja, desturi ni kurudi. Na msianze kula kabla baba hajatoka kuoga na kubadilisha nguo, hata akichelewa nusu saa. Kule chumba cha makabati ndiko wanakojumlisha alama na kutaniana. Akitoka atakuwa na nywele mbichi na uso mwepesi kuliko ulivyowahi kumwona nyumbani. Ndipo umuulize lile swali la shimo.

Na usiharakishe kuondoka saa tisa kwa kudhani chakula kimekwisha. Omba mbaki hadi wale wa mchana waanze kurudi, kama saa kumi na moja na nusu, jua likiwa limelala juu ya grini na vivuli vya miti vikifika kwenye ngazi. Upepo utakuwa umegeuka. Chukua sweta.